Muuguzi Mbele ya Kipaza Sauti: Uchambuzi wa Kisa cha Grace Ogot

Grace Ogot alizaliwa Asembo, Nyanza, mwaka 1930, akafariki Machi 2015. Kati ya miaka hiyo miwili alikuwa muuguzi, mkunga, mwalimu wa wakunga, mwandishi wa miswada ya redio na mtangazaji, ofisa wa maendeleo ya jamii, ofisa uhusiano wa shirika la ndege, mwenye maduka ya nguo, mwandishi wa hadithi fupi na riwaya, mjumbe wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, mbunge na waziri msaidizi. Orodha hiyo hurudiwa karibu kila anapotajwa, na mara nyingi hurudiwa kwa mshangao tu, kana kwamba wingi wa kazi ndio sifa yenyewe. Mshangao huo hautufikishi mbali. Linalostahili kuchunguzwa ni kama kazi hizo zilikuwa na uhusiano wowote na maandishi aliyotuachia, au kama alikuwa mtu hodari aliyepata nafasi nyingi na akaandika pale alipopata wasaa. Maoni yangu ni kwamba kazi mbili, ya wodini na ya redioni, ndizo zilizomjenga mwandishi tunayemjua. Nyingine zilimpa mada za hapa na pale. Na siasa, ambayo ndiyo iliyompa cheo kikubwa kuliko zote, ndiyo pekee iliyomnyang'anya kalamu.

Wahakiki wengi huanzia utotoni mwake. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa Asembo kupata elimu ya shule. Alikuwa Mwanglikana, alifundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya, na nyumbani alimsomea binti yake visa vya Agano la Kale. Bibi yake naye alimsimulia ngano za Wajaluo. Hapo pameshapatikana maelezo mepesi: Biblia upande mmoja, ngano upande wa pili, na katikati mwandishi. Sikatai kwamba vyote viwili vimo ndani ya hadithi zake. Lakini watoto wengi wa Nyanza wa kizazi kile walisikia ngano zilezile na mahubiri yaleyale, wala hawakuandika. Ukitaka kujua kwa nini huyu aliandika, na kwa nini aliandika kwa namna ile, inakubidi utazame alichokuwa akikifanya alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Baada ya masomo ya sekondari Butere alikwenda Uganda kusomea uuguzi, kuanzia 1949 hadi 1953, kisha akavuka hadi London kusomea ukunga. Huko, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, aliingia katika idhaa ya ng'ambo ya BBC akiwa mwandishi wa miswada na mtangazaji wa kipindi kilichoelekezwa kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki na ya Kati. Jambo hili hupewa sentensi moja katika maelezo mengi ya maisha yake, na nadhani hapo ndipo kisa chenyewe kinapopotezwa. Kabla hajachapisha hadithi hata moja, alikuwa ameshajifunza kuandika maneno ya kusomwa kwa sauti, akiwa katika mji wa mbali, kwa ajili ya watu wa kwao ambao hawezi kuwaona na ambao hawawezi kumuuliza lolote.

Hali hiyo si sawa na ya bibi anayesimulia jioni. Msimulizi wa nyumbani ana mikono, ana uso, ana wajukuu wanaoitikia na kuimba naye; akiona mmoja anasinzia hupandisha sauti, akiona mwingine hakuelewa hurudi nyuma. Mtangazaji hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachokuwa nacho ni mpangilio wa maneno peke yake, na mpangilio huo lazima umfae mtu anayesikia mara moja tu, asiyeweza kurudi ukurasa wa nyuma. Kwa hiyo hujifunza kumtaja mhusika mapema na kwa jina, kusema shida iko wapi katika sentensi za kwanza, kufuata mfululizo wa matukio bila kurukaruka, na kuachana na sentensi zenye mabawa matatu ambazo macho huzifurahia lakini sikio huzipoteza njiani. Mtu aliyezoea nidhamu hiyo kwa miaka kadhaa haiachi anapobadili ukumbi.

Ushahidi uko katika hadithi yake maarufu kuliko zote, ile ya Oganda, binti wa chifu Labong'o, anayetakiwa kutolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Hadithi inaanza chifu akiwa bado mbali na lango la mji wake, binti yake anamwona, anakimbia kumlaki, na huku akihema anamuuliza habari, kwa kuwa kijiji kizima kinangoja kujua mvua itanyesha lini. Katika sentensi tatu msomaji ameshapata baba, binti, mahali, ukame na hofu. Hakuna maelezo ya mandhari, hakuna historia ya ukoo, hakuna mwandishi anayejipitisha mbele ya mhusika wake. Wapo waliouita mtindo huu kuwa mwepesi mno, wakaulinganisha na wa waandishi wa rika lake waliopenda kejeli na mafumbo, na kwa kipimo cha ukurasa wana hoja. Lakini jaribu kuisoma hadithi hiyo kwa sauti mbele ya darasa. Hakuna sentensi utakayolazimika kuirudia, na ukimya wa wasikilizaji pale Oganda anapoondoka peke yake kuelekea ziwani hautoki katika ufundi wa maneno makubwa. Unatoka katika mpangilio.

Kuna chanzo kingine ambacho ni haki kukitaja. Mwanahistoria Bethwell Allan Ogot, aliyefunga naye ndoa mwaka 1959, alikuwa akipokea barua zake kabla ya ndoa, na ndiye aliyeona ndani yake kipaji cha mwandishi na kumhimiza. Barua nayo ni maandishi ya mtu anayezungumza na asiyekuwapo. Sitalisukuma jambo hili mbali zaidi ya hapo, ila linakaa vizuri pamoja na lile la redio.

Aliporudi nyumbani alifundisha ukunga katika hospitali ya misheni ya Maseno, akafanya kazi ya maendeleo ya jamii Kisumu, na akaendesha kipindi cha redio kwa Kijaluo. Wakati huohuo alikuwa anatafuta wa kumchapisha. Alizipeleka baadhi ya hadithi zake East African Literature Bureau, shirika la serikali za kikoloni lililokuwa na jukumu la kukuza uandishi wa wenyeji, na kwa jinsi alivyokuja kusimulia baadaye, waliomsoma pale walishindwa kuelewa mwanamke Mkristo anawezaje kuandika habari za kafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu. Mkwamo huo unaonyesha vizuri hali aliyokuwemo. Elimu yake, dini yake na taaluma yake vyote vilitokana na misheni, na kwa hiyo ilitarajiwa kalamu yake iwe tawi la misheni pia. Yeye aliona vingine, na kwa sababu ya kikazi kabisa: muuguzi wa Maseno hakuweza kujifanya kwamba wagonjwa wake hawakupitia kwa mganga kabla ya kumfikia.

Juni 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza uliofanyika Makerere, ambako pia alikuwapo Ngugi wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi. Watu wa Afrika Magharibi na wa Afrika Kusini walifika na vitabu; Afrika Mashariki, wenyeji wa mkutano, haikuwa na cha kuweka mezani. Ogot alisoma hadithi yake ya kafara, na mwaka 1963 ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus lililotolewa Nigeria. Hadithi iliyokosa nafasi Nairobi ikaingia uwanjani kupitia upande wa pili wa bara. Hilo halikuwa ajabu kwa wakati ule, lakini linaeleza kwa nini alipata wasomaji wa mbali kabla ya kupata wa karibu, na kwa nini baadaye aliona ana deni.

Riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, ilitolewa mwaka 1966 na East African Publishing House. Ochola na mkewe Nyapol wanahama kutoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Wanafanikiwa kwa haraka inayowaudhi majirani, na mganga mmoja mwenye wivu anamtupia Ochola ugonjwa: mwili wake unaota mabonge yenye miiba. Madaktari wa hospitali wanajaribu na kushindwa. Mganga mwingine anafaulu, lakini kwa sharti kwamba familia iondoke mara moja na kuacha kila ilichokichuma. Ugonjwa huu uliwatatiza sana wasomaji wa mwanzo. Je, riwaya ni ya uhalisia au ni ngano? Mbona mwandishi mwenye vyeti vya hospitali anamwachia mganga ushindi?

Swali hilo linageuka ukikumbuka kazi yake. Ogot hauelezi ugonjwa huu kama msimulizi wa mazimwi. Anauelezea kama mtu aliyekaa zamu ya usiku. Anaijali ngozi, usingizi unaokatika, aibu ya mgonjwa anayejificha asionekane na wageni, mke anayelazimika kuendelea na kazi za nyumba huku akimhudumia mtu asiyeweza kuguswa. Kuhusu chanzo cha ugonjwa hasemi sana, na hilo nalo ni tabia ya wodini, ambako muuguzi huandika anachokiona kwenye kadi ya mgonjwa na kumwachia mwingine abishane juu ya sababu. Sidhani alikuwa anaitetea tiba ya kienyeji dhidi ya hospitali. Alikuwa anamfuata mgonjwa mlango hadi mlango, kama wagonjwa wa eneo lile walivyokwenda kweli, na mlango uliofunguka akaurekodi. Udhaifu wa riwaya uko kwingine: Nyapol, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyeshuku safari ile, anaachwa nyuma kadiri ugonjwa unavyotwaa kurasa, na wahakiki waliolalamika kwamba wanawake wa Ogot wanaona mbali lakini wanatii hawakumsingizia.

Mkusanyiko wa hadithi fupi uliofuata mwaka 1968, Land Without Thunder, unaionyesha wodi waziwazi zaidi. Katika mojawapo ya hadithi zake, wauguzi Waafrika wa hospitali ya misheni wanagoma kwa sababu wanatakiwa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, kazi ambayo kwa mila zao haiwezekani mwanamke kumfanyia mwanamume asiye wake. Mkuu wa wauguzi Mzungu haelewi, na wala hajitahidi kuelewa. Hadithi hii ingeweza kuandikwa kwa hasira nyepesi, mwenyeji mwema na mkoloni mbaya; badala yake, kiongozi wa mgomo mwenyewe anaugua, na aliyelala kitandani anamtaka yuleyule mama wa Kizungu aliyepambana naye. Mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi hospitalini asingeuthubutu mwisho huo, kwa kuwa anayeandika kwa kubahatisha huchagua upande na kuung'ang'ania. Ogot alijua kwamba katika wodi moja mtu anaweza kuchukiwa kwa amri zake na kuhitajika kwa mikono yake siku hiyohiyo. Hii, kwa maoni yangu, ni hadithi yake bora, ingawa ya Oganda ndiyo inayosomeshwa zaidi.

Kazi ya Air India na maduka ya nguo Nairobi naziacha zipite. Zilimlisha na zikampa mtazamo wa jiji, na hadithi zake za wanawake wa ofisini, hasa ile ya karani anayedhulumiwa na mwajiri wake na kuishia kujiua, hazingekuwapo bila kuyaona maisha hayo kwa karibu. Lakini sioni kwamba zilibadilisha namna yake ya kuandika. Vivyo hivyo ujumbe wake katika Umoja wa Mataifa mwaka 1975 na uenyekiti wake wa chama cha waandishi wa Kenya. Vyeo hivi vilimzoesha majukwaa. Na majukwaa yalimwingia katika fikra, kwa kuwa mwaka 1980 alichapisha riwaya fupi, The Graduate, ambayo mhusika wake ni mwanamke waziri katika serikali ya Kenya anayekwenda Marekani kuwashawishi wanafunzi Wakenya warudi nyumbani. Kenya haikuwa na waziri mwanamke wakati huo, wala haikumpata hadi 1995. Mwandishi alikitunga cheo hicho miaka mitatu kabla hajaingia bungeni, akakikaribia kwa hatua moja, na hakukifikia kamwe.

Hapo panafuata kipindi ambacho naona ndicho kilele chake, ingawa wasomaji wa Kiingereza hawakukiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuchapisha vitabu kwa Kijaluo, mmoja baada ya mwingine: Ber Wat mwaka 1981, kisha Miaha, Simbi Nyaima, na Aloo kod Apul-Apul. Mwaka 1980 Ngugi alikuwa amechapisha riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu, akifuatisha uamuzi huo na hoja nzito za kisiasa kuhusu lugha na ukombozi, na tangu hapo kila anayezungumzia suala hilo humwanzia yeye. Ogot hakutoa ilani. Alikuwa ameshazungumza Kijaluo redioni kwa miaka mingi, alijua kuna wasikilizaji wangapi wasiosoma Kiingereza, na akawaandikia vitabu. Ndiyo maana nasema redio ilikuwa bawaba ya maisha yake: kwa Ngugi kurudi kwenye lugha ya mama kulikuwa uamuzi wa kuvunja mkondo, kwa Ogot kulikuwa kuendelea na kipindi kilekile kwa njia ya karatasi. Miaha inachukua ngano ya jembe lililokuwa likilima lenyewe kwa neema ya Mungu, mpaka bibi harusi mgeni alipolishika na kulima kwa mikono yake, na kuanzia siku hiyo watu wakalazimika kutoka jasho. Ni ngano ya kuadibu wanawake, ukitaka kuisoma hivyo. Ogot anampa yule bibi harusi utashi na hamu ya kufanya kazi, kiasi kwamba msomaji hamalizi akiwa na uhakika kwamba kosa lilikuwa kosa. Aliyelalamika kuhusu Nyapol anapaswa kuisoma hii kabla ya kufunga hukumu.

Kisha siasa. Mwaka 1983 Rais Daniel arap Moi alimteua kuwa mbunge. Mwaka 1985, baada ya mbunge wa Gem, Horace Ongili Owiti, kuuawa, Ogot aliacha kiti cha uteuzi, akagombea katika uchaguzi mdogo na kushinda. Mwaka 1988, katika uchaguzi ule wa mlolongo, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea wao, alikitetea kiti hicho na kushinda tena. Alikuwa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii, katika serikali ambayo wanawake wake wa ngazi hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi na Nyanza ya Wajaluo ikamfuata Oginga Odinga na chama chake cha upinzani, FORD-Kenya, mwanasiasa wa KANU, chama tawala, hakuwa na pa kusimama, na safari yake ya bungeni ikaishia hapo.

Tazama sasa mfululizo wa vitabu vyake. Katika miaka ya 1980 hadi 1983 alitoa vitabu kwa Kiingereza na kwa Kijaluo kwa kasi ambayo hakuwahi kuifikia kabla, akiwa na shughuli nyingi kama kawaida yake. Baada ya kuingia bungeni, kitabu chake kinachojulikana zaidi ni tafsiri ya Kiingereza ya Miaha iliyotoka mwaka 1989, na hiyo ilifanywa na Okoth Okombo, si yeye. Kwa hiyo maelezo kwamba alikosa muda hayaniridhishi. Hakuwahi kuwa na muda. Aliandika akiwa muuguzi mwenye zamu, akiwa mama wa watoto wanne, akiwa mfanyakazi wa shirika la ndege. Kilichobadilika ni aina ya maneno aliyotakiwa kuyasema. Aliteuliwa mwaka mmoja baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wakati wahadhiri walikuwa vizuizini na Ngugi ameanza maisha ya uhamishoni. Waziri msaidizi wa wakati ule hutetea uamuzi uliokwisha kufanywa na wengine, na sanaa yote ya Ogot ilitegemea kinyume cha hilo: kumsogelea chifu kabla hajafika langoni, akiwa bado hajui atamwambia nini binti yake. Hadithi ya mtawala anayemtoa mtoto wa watu kwa manufaa ya wote haikuwa tena hadithi ambayo mtu wa serikalini angeweza kuisimulia bila kuulizwa anamkusudia nani. Haimaanishi kwamba aliwasaliti wasomaji wake. Watu wa Gem walihitaji mwakilishi, na wanawake wa Kenya walihitaji kumwona mmoja wao mezani. Ila gharama yake ilikuwa halisi na inaonekana kwenye rafu.

Alipochapisha tawasifu yake, Days of My Life, mjini Kisumu mwaka 2012, hakuiandika kwa Kijaluo. Aliiandika kwa Kiingereza. Wapenzi wa vitabu vyake vya miaka ya 1980 wanaweza kuliona hilo kuwa kurudi nyuma, lakini linaendana na alivyofanya kazi tangu London, ambako kazi yake ya kila siku ilikuwa kuamua nani yuko upande wa pili wa kipaza sauti. Ngano ya jembe aliwaandikia walioijua tayari. Maelezo ya miaka kumi ya siasa aliwalenga Wakenya waliokuwa bado na maswali ya kumuuliza, na wengi wao hawakuwa Wajaluo.